Kisulisuli kinapolivamia bawa

Na MWANDISHI WETU

SAA saba za mchana mjini Garissa si saa za kutembeatembea. Jua huwa limesimama utosini, mbuzi wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta, na wenye maduka wameshusha mapazia. Ukiketi mahali palipo wazi nje ya mji, hutakosa kuona nguzo nyembamba ya vumbi ikiinuka kutoka ardhini. Hujizungusha kama pia, huzoa majani makavu na makaratasi, huvuka barabara, kisha hutoweka kana kwamba haikuwapo.

Watoto huikimbilia wakipiga kelele. Wazee huikwepa huku wakimtaja Mungu, kwani wengi wamelelewa wakiambiwa kwamba ndani ya nguzo hiyo mna jini apitaye na shughuli zake. Hata Kiswahili chenyewe hakikuweka umbali mkubwa kati ya upepo na pepo.

Lakini yuko mtu mwingine anayeitazama nguzo hiyo kwa makini kuliko wote. Huyo ni rubani wa ndege ndogo anayeshuka kutua. Akiiona imesimama mbele ya njia yake, huongeza nguvu za injini, hupaa tena, huzunguka na kungoja. Abiria hunung'unika kwamba wanacheleweshwa. Laiti wangejua anachokikwepa, wangemshukuru.

Je, msomaji, umewahi kujiuliza ni kitu gani hasa hutokea hewa inayozunguka inapokutana na bawa la ndege? Swali hilo limewaumiza vichwa wataalamu kwa zaidi ya miaka 100. Katika eneo lililokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambako ndege ndogo ndizo huleta dawa, chanjo, miraa na madaktari, si swali la vitabuni tu.

Itakumbukwa kwamba Aprili 2, 2015, magaidi walipokivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, baadhi ya majeruhi walisafirishwa kwa ndege hadi Nairobi kutibiwa. Barabara ya kutoka Garissa hadi Nairobi ni mwendo wa zaidi ya kilomita 360. Ukiwa Mandera au Elwak, umbali huo huongezeka mara dufu na zaidi. Kwa mgonjwa aliyezidiwa, bawa la ndege ndilo daraja la pekee.

Jaribu na kijiko

Kabla hatujapaa angani, tuanzie jikoni. Mzazi, waite watoto. Mimina chai ya rangi katika bakuli pana na uiache itulie, ikiwa na chembe chache za majani juu yake. Kisha chovya ncha ya kijiko, uikokote polepole kutoka upande mmoja hadi wa pili, halafu ukiondoe kijiko.

Utaona vizingo viwili vidogo vya chai, kimoja kushoto na kingine kulia, vikizunguka kwa kupingana na kuendelea kusafiri pamoja hata baada ya kijiko kuondoka. Umetengeneza visulisuli viwili. Wanasayansi huviita voteksi.

Bawa la ndege hufanya jambo la namna hiyo hiyo. Umbo lake, lililobinuka kidogo upande wa juu, na jinsi linavyoinamishwa kuupokea upepo, husababisha kani ya hewa iliyo chini ya bawa kuzidi ile ya juu yake. Tofauti hiyo ndiyo inayoinyanyua ndege. Lakini hewa ni kama maji, hutafuta njia ya mkato. Penye ncha ya bawa, hewa yenye nguvu ya chini huponyoka na kupanda upande wa juu. Kwa kuwa ndege inasonga mbele, hewa hiyo inayoponyoka hujisokota kama kamba. Kila ndege iliyo angani huacha nyuma yake kamba mbili kama hizo, moja kwa kila bawa, nazo hazionekani kwa macho.

Ndege ikiwa nzito na ikiwa inakwenda polepole, kama inapokaribia kutua, ndipo kamba hizo huwa na nguvu zaidi. Huweza kudumu hewani kwa dakika kadhaa, zikishuka pole pole.

Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa machungu. Mei 30, 1972, ndege aina ya DC-9 iliyokuwa katika safari ya mafunzo ilikuwa ikitua katika uwanja mmoja mjini Fort Worth, Texas, Marekani, nyuma ya ndege kubwa zaidi aina ya DC-10. Iliingia katika visulisuli vya mwenzake, ikabingirika, ikaanguka. Watu wote wanne waliokuwamo walikufa. Tangu enzi hizo, kanuni za kutenganisha ndege kubwa na ndogo zimetiliwa mkazo kote duniani. Ndege nyepesi inayotua nyuma ya ile ya uzito wa wastani hupaswa kungoja dakika tatu. Rubani mjanja, isitoshe, hubaki juu ya njia aliyopita mkubwa wake, kwa kuwa visulisuli hushuka, havipandi.

Kaskazini Mashariki nako kumewahi kuwaona wakubwa hao. Mwezi Agosti 1992, wakati njaa ilipokuwa ikiwamaliza watu Somalia na hata upande wetu wa mpaka, ndege za kijeshi za Marekani aina ya C-130 zilianza kusafirisha chakula kutoka Mombasa, na Wajir ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza. C-130 ina injini nne na ikishiba mzigo huzidi tani 60. Ndege ndogo ya abiria wanne ikifuata nyuma ya jitu kama hilo ni kama mtumbwi unaofuata meli.

Mlio wa helikopta

Wengi hudhani kukutana kwa kisulisuli na bawa ni ajali inayotokea mara moja kwa mwaka. La hasha. Kuna chombo ambacho hukumbana nacho mara nyingi kwa sekunde.

Wakazi wa Garissa wanaufahamu vyema mlio wa helikopta. Ikipita juu kwa kasi huvuma tu. Lakini inapoanza kushuka, mlio hubadilika na kuwa kama wa mtu anayepiga makofi: pa, pa, pa, pa. Watu husema injini ndiyo inayopiga kelele. Sivyo. Mapanga ya helikopta ni mabawa yanayozunguka, na kila panga huacha kisulisuli nchani mwake. Helikopta inaposhuka, huzama katika hewa ambayo imetoka kuivuruga yenyewe, na panga linalofuata hukigonga kisulisuli kilichoachwa na lililotangulia. Kila kofi unalolisikia ni bawa likigongana na upepo unaozunguka.

Sasa tazama kinachotokea katika mgongano huo. Kisulisuli kina pande mbili. Upande mmoja unasukuma hewa chini, wa pili unaisukuma juu. Kinapolipita bawa, bawa hukandamizwa kwanza na kunyanyuliwa baadaye, au kinyume chake, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Kikiwa na nguvu zaidi, hufanya vituko vikubwa zaidi. Hewa iliyokuwa ikiteleza vizuri juu ya bawa hujibandua, na bawa lenyewe huzaa kisulisuli kipya penye ukingo wake wa mbele. Kitoto hicho kinapokuwa bado kimelala mgongoni mwa bawa, nguvu ya kunyanyua huruka ghafla na kuwa kubwa mno. Kikishaondoka, nguvu hiyo huporomoka. Ndege iliyo juu sana ina nafasi ya kujirekebisha. Iliyo mita 30 juu ya ardhi haina.

Mji ulio njiani mwa upepo

Kuna sababu ya kuitaja Garissa katika habari hizi za upepo. Mji huo uko chini kidogo tu ya Ikweta, kando ya Mto Tana, katika tambarare kubwa lenye miti michache. Mchana ardhi yake huchemka. Hewa iliyo karibu na udongo hupata joto, huwa nyepesi na kupanda kwa nguzo, na hewa ya pembeni hukimbilia kujaza pengo. Ikiwa hewa hiyo inakuja na mzunguko kidogo, mzunguko huo hukazwa kadiri unavyovutwa ndani, kama mtoto anayejizungusha akiwa amenyoosha mikono kisha akaikunja kifuani. Hapo ndipo nguzo ya vumbi huzaliwa.

Usiku nao una mambo yake. Kila mwaka, kuanzia karibu Juni hadi Septemba, upepo wa kusi unaojulikana sana na mabaharia wetu wa Lamu na Mombasa huingia bara na kupita juu ya Garissa ukielekea Somalia, kisha Bahari ya Arabu hadi India. Mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater ndiye aliyeufafanua mkondo huo katika maandishi yake ya miaka ya 1960, hasa mwaka 1969, akitumia vipimo vya baluni zilizorushwa kutoka vituo vya Kenya, Garissa ikiwemo. Mkondo wenyewe hadi leo wapo wanaouita kwa jina lake.

Mkondo huo una kiini chake kati ya kilomita moja na moja na nusu hivi juu, na huweza kwenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 90 kwa saa, hasa usiku wa manane na alfajiri. Mtu aliyelala uani hapati habari, maana chini kumetulia. Lakini palipo na hewa ya kasi juu na hewa tulivu chini, katikati hapakosi kuviringana. Hivyo basi, alfajiri rubani ana hili na mchana ana lile.

Kukitengeneza ili kukijua

Wataalamu walikabiliwa na tatizo moja la ajabu. Utakichunguzaje kitu kisichokubali miadi? Kisulisuli huja kitakapo, kwa nguvu itakayo, na kuondoka kabla hujafungua daftari.

Jawabu lao lilikuwa kujitengenezea chao. Katika maabara, hulisimamisha bawa la majaribio ndani ya handaki la upepo, yaani chumba kirefu kinachopulizwa na feni kubwa. Mbele ya bawa hilo huweka bawa lingine dogo. La mbele likigeuzwa ghafla, au likipuliziwa pumzi ya hewa kupitia tundu dogo kwa amri ya kompyuta, hubandua kisulisuli kimoja tu. Kisulisuli hicho husafiri na upepo hadi kulikuta bawa la nyuma. Mtafiti ndiye anayeamua saa, ukubwa, na iwapo kitapita juu ya bawa, chini yake au kitaligonga usoni. Akitaka kurudia mara 100, hurudia mara 100.

Na hewa huionaje? Kama umewahi kuutazama moshi wa udi katika chumba kilichofungwa madirisha, unajua jibu. Moshi hupanda ukiwa umenyooka, kisha hujikunja na kujiviringa. Katika handaki, matone madogo mno ya mafuta hutiwa hewani na kumulikwa kwa mwanga wa leza. Kamera hupiga picha mbili zinazofuatana kwa haraka ya ajabu, na kompyuta huhesabu kila tone limesogea wapi. Hivyo ndivyo upepo unavyopigwa picha.

Matundu hayo ya kupuliza ni elimu yenyewe. Katika miaka ya 1990, watafiti kama Ari Glezer wa chuo cha Georgia Tech nchini Marekani waliendeleza kifaa kisichohitaji hata tangi la hewa. Ni kiwambo kidogo mithili ya spika ya redio, kinachotikiswa kwa umeme. Kikirudi nyuma huvuta hewa kupitia tundu, kikija mbele huipuliza, mara mamia kwa kila sekunde. Kila pumzi hutoka ikiwa kisulisuli kidogo.

Dawa ya moto ni moto

Hapo ndipo hadithi inapogeuka. Kifaa kinachoweza kuzaa kisulisuli cha kulichokoza bawa kinaweza pia kulitibu.

Wazo si geni. Mwaka 1904, mjini Heidelberg, Ujerumani, mwanasayansi Ludwig Prandtl alieleza kwamba utando mwembamba wa hewa au maji ulio karibu kabisa na ngozi ya kitu ndio unaoamua kama mkondo utashikamana nacho au utajibandua. Alionyesha pia kwamba ukiunyonya utando huo kupitia upenyo mdogo, mkondo hushikamana tena.

Warithi wake wamegundua kwamba pumzi ndogo ikitolewa mahali panapofaa, yaani karibu na pale hewa inapotaka kujibandua, huzaa visulisuli vidogo vinavyoishusha hewa ya kasi kutoka juu na kuichanganya na ile iliyochoka chini. Hewa iliyochoka hupata nguvu mpya na kuendelea kulishika bawa. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Kumbe dawa ya kisulisuli ni kisulisuli.

Ila lazima itolewe kwa wakati wake. Ukipuliza mapema umepoteza bure. Ukichelewa, bawa limekwisha kutikiswa na huenda ukalitikisa zaidi. Ndiyo sababu wataalamu wanakazana kwanza kuujua mgongano wenyewe, hatua kwa hatua, kabla ya kudai kuwa wanaweza kuuzuia.

Majaribio yameshatoka maabara. Mwaka 2013, shirika la NASA na kampuni ya Boeing walilipima pezi zima la mkia wa ndege ya 757 katika handaki kubwa la upepo huko California, na mipulizo ya hewa ikaliongezea nguvu zake za kusukuma pembeni kwa zaidi ya asilimia 20. Mwaka 2015 ndege ya 757 iliruka ikiwa na vipulizo 31 mkiani. Januari 2024, idara ya utafiti ya kijeshi ya Marekani, DARPA, iliichagua kampuni ya Aurora Flight Sciences kujenga X-65, ndege ya majaribio inayokusudiwa kugeuzwa kwa mipulizo ya hewa badala ya vibati vinavyosogea.

Hata hivyo, asije mtu akadhani kwamba ndege inayotua Dadaab leo ina mitambo hiyo. Haina. Baadhi ya ndege ndogo huwa na vibati vifupi vilivyosimamishwa kwa safu mgongoni mwa bawa, navyo huzaa visulisuli vidogo vya kusaidia. Lakini vibati havijui lini vinahitajika na lini havihitajiki. Kinga kubwa ya rubani wetu bado ni macho yake, subira yake, na mfuko wa upepo uliotundikwa kwenye mlingoti.

Mwalimu mwenye upara

Kiswahili kimewapa ndege wa manyoya na ndege ya chuma jina moja, na hakikukosea. Mwalimu mkuu wa somo hili anaishi papo hapo Garissa, na wengi humdharau. Ni marabu, yule korongo mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, ambaye hushinda karibu na machinjio na majaa ya taka.

Akiwa chini ni kichekesho. Akipaa ni ustadi mtupu. Mabawa yake yakinyooshwa huzidi mita mbili na nusu. Asubuhi yeye na tumbusi hungoja jua liipashe ardhi joto. Nguzo za hewa zikianza kupanda, hujitosa ndani yake na kuzunguka humo, wakipanda juu bila kupiga bawa. Ni nguzo zile zile ambazo mguu wake, ukigusa udongo, huonekana kuwa kisulisuli cha vumbi. Kinachomtisha rubani ndicho kinachombeba marabu.

Colin Pennycuick, mtaalamu Mwingereza aliyefundisha chuo kikuu jijini Nairobi kuanzia 1968, aliwafuata ndege hao hadi angani. Alipaa kwa ndege nyepesi yenye injini inayoweza kuzimwa, akaelea pamoja na tumbusi, marabu na wari juu ya mbuga za Afrika Mashariki, na mwaka 1972 akachapisha aliyoyaona.

Tazama ncha za mabawa ya marabu anapozunguka. Manyoya yameachana kama vidole. Mwaka 1993 mtafiti Vance Tucker, kwa kumpima mwewe ndani ya handaki la upepo, alionyesha kwamba nafasi hizo kati ya manyoya hupunguza ukinzani unaoletwa na visulisuli vya ncha. Badala ya kamba moja nene, ndege huacha nyuzi kadhaa nyembamba.

Kisha mtazame anapotua. Mbele ya bawa, pale ambapo mkono wa binadamu una kidole gumba, kuna kishada kidogo cha manyoya. Akipunguza mwendo hukiinua, na hewa huendelea kushikamana na bawa hata likiwa limeinamishwa mno. Akishatua hukilaza. Hukiinua kinapohitajika na kwa muda unaohitajika, jambo ambalo mafundi wa vipulizo wangali wanajifunza.

Wazazi, mtoto akikuuliza kwa nini ndege imezunguka mara ya pili badala ya kutua, usimwambie anyamaze. Mwonyeshe kijiko katika chai. Mwanafunzi, ukiona hesabu na fizikia zimekuwa ngumu, tembea hadi penye marabu ukae nusu saa ukiwatazama wakitua.

Na msafiri, siku utakapokuwa ndani ya ndege ndogo juu ya Garissa, mfuko wa dawa za mtu miguuni pako, na rubani akaondoka kwenye njia ya kutua bila kusema neno, chungulia dirishani. Huenda ukaiona nguzo ya vumbi ikijizungusha pale mlipokuwa mpite. Mpe dakika zake kumi.